Mtamba Mwenye Sikio Lililochanika

Siku ya mtihani niliamka na hasira, na kwa kweli hasira ile ilinisaidia kuliko kifungua kinywa. Mwenzangu wa nyumba, mama wa Bukavu niliyekodi naye fleti kule Annandale, Virginia, alikuwa jikoni akikaanga mayai. Alinitazama nikihangaika kuingiza mguu kwenye gambuti mpya.

"Dada, uko natetemeka," akasema.

"Ni baridi."

"Baridi ya wapi? Shofaji iko nawaka tangu jana." Akageuza yai. "Muntu mwenye akili yake, mwenye kazi ya muzuri, kiisha anaenda kutia mukono ndani ya ngombe ya bazungu. Njo nini sasa?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kuosha bazee, sawa mimi."

Hakusema kwa ubaya. Sote wawili tulifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Tuliwaogesha, tukawalisha, tukawageuza kitandani wasipate vidonda, na ni kazi ambayo hadi leo simruhusu mtu aidharau mbele yangu. Lakini neno lile lilinichoma. Nyumbani Kenya, katika vilima vya maziwa nilikotoka, nilikuwa mtu wa ng'ombe. Nilisomea cheti, nikaajiriwa na chama cha ushirika, nikazunguka kwa pikipiki nikipandisha ng'ombe kwa mrija na kupima mimba zao kwa mkono. Watu waliniita daktari ingawa sikuwa daktari, nami nikawaacha waniite. Amerika hakuna aliyejua kwamba mkono wangu wa kushoto unajua kitu. Kazi yake ilikuwa kushika beseni.

Habari za mtihani nilizipata kanisani. Miaka ile ya mwisho ya tisini ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika katika ukumbi wa shule, mchana, baada ya wenyewe kumaliza mambo yao. Kati yetu alikuwapo Mmarekani mmoja mweusi, mtu wa makamo, mkazi wa Beltsville, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwa mapenzi tu, na Afrika hakuwa ameikanyaga. Alisoma Maandiko vizuri kuliko sisi tuliozaliwa na lugha. Tatizo lake lilikuwa shikamoo. Alimwamkia kila mtu, wakubwa kwa wadogo, hata wasichana wa umri wa binti zake, nao wakamcheka mpaka wakamzoea. Mimi sikuwahi kumwitikia. Alinizidi umri kwa mbali, na kila aliponiamkia nilimwambia aache kunizeesha.

Siku za kazi alimsaidia daktari mmoja wa mifugo huko mashambani Virginia. Alimbebea vyombo na kumshikia ng'ombe. Siku aliyogundua kwamba nilikuwa mpimaji, alinifuata hadi kwenye meza ya chai, sahani mkononi, akasahau kula.

Alinieleza hivi. Kulikuwa na kampuni iliyonunua mitamba wenye mimba na kuwapakia melini, kwenda kuuzwa nchi za mbali kwa wafugaji wanaoanza. Kila mtamba ilibidi apimwe kabla ya safari. Asiye na mimba haendi, kwa sababu mfugaji amelipia mimba. Mwenye mimba kubwa haendi pia, asije akazalia baharini. Kupima ilikuwa kazi ya madaktari wa mifugo peke yao, na madaktari walikuwa wachache wenye shughuli nyingi. Kampuni ikaomba watu wasio madaktari wapewe vibali, wapime chini ya usimamizi wa daktari. Chama cha madaktari wa eneo lile kilinuna. Mwishowe kikakubali jaribio moja, kwa masharti yake: asiye daktari asikosee hata mnyama mmoja, na kusema "sijui" kuhesabiwe kuwa kukosea. Asipopita mtu, mpango unafungwa na hakuna wa kuufungua tena.

"Daktari wangu ndiye atakayetahini," akaniambia. "Nimemweleza habari zako. Je, waweza?"

"Naweza."

"Nimekudhamini kwa jina langu, dada. Tafadhali usinitie aibu."

"Aibu utatiwa na hizo shikamoo zako," nikamjibu. Lakini usiku ule nilifurahi kiasi cha kushindwa kuficha. Nilimsimulia mama wa Bukavu mpaka akageukia ukutani.

Mimi na yule Mmarekani, ambaye tangu hapo nilimwita mwenzangu, tulifanya mazoezi kila siku yangu ya mapumziko, katika zizi la mfugaji mmoja wa Maryland aliyemfahamu yeye. Mkono wangu ulikuwa umelala lakini haukufa. Baada ya siku chache ulianza kuona tena, ndani kule kwenye joto na giza, na mimi nikaanza kutembea nikiwa nimenyooka mgongo. Kitu kimoja tu kilitugombanisha, nacho ni neno subiri.

Nyumbani, mpimaji alikuwa na majibu matatu. Ana mimba, hana, au subiri. Mzee wa ushirika aliyenifundisha, mtu mkali asiye na subira na chochote kingine, alinifundisha neno hilo kabla hajanionyesha jinsi ya kuvaa glavu. Kama mkono haujaamua, unasema subiri, unautoa, unanawa. Mwenye ng'ombe anakuletea chai na hakuna anayekucheka. Unarudi baada ya mwezi, kwa sababu mimba changa, mwezi mmoja unaifanya iwe kubwa. Kule kwetu ukimwambia mtu ng'ombe wake hana kitu, siku ya soko anampeleka kwa mchinjaji. Ukimwambia ana mimba, anamnunulia pumba kwa pesa ya karo ya mtoto akisubiri ndama. Neno lako lilikuwa linaamua mambo nyumbani kwa watu. Kwa hiyo aibu ilikuwa kusema usichokijua. Kusubiri hakukuwa na aibu yoyote, na wapimaji wote wa vilima vile tulifanya hivyo, tangu mwanzo, bila kufikiri.

"Huku hakuna subiri," mwenzangu akaniambia siku moja, baada ya kuniona nimeitumia mara ya pili. "Meli haisubiri. Wamesema wazi, dada. Ukisubiri, umeshindwa."

"Sasa niseme nini kama sijui?"

"Ujue."

Nilikasirika, nikavua glavu na kuitupa kwenye pipa. Halafu nikaona ana haki. Mtihani haukuwa wa kwetu, na sheria haikuwa ya mama yangu. Nikaanza kujifunza kutosema neno lile kama mtu anavyojifunza kuacha sukari. Kwenye basi, kazini nikikunja shuka, nilijiambia: ana au hana, ana au hana. Mzee mmoja niliyekuwa nikimnyoa ndevu aliniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na ng'ombe, akaridhika.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe. Mwenzangu alinichukua asubuhi kwa pikapu yake na tukaenda kusini magharibi, tukapita Manassas, hadi shamba moja ambako mitamba walikuwa wamekusanywa chini ya paa la mabati. Mvua ilikuwa ikinyesha, si kubwa, ile ya kuudhi. Njiani hakusema sana. Nilimwuliza anaogopa nini, na mtihani ni wangu.

"Daktari ananiamini," akasema. "Nimefanya naye kazi muda mrefu. Sijawahi kumwomba kitu ila hiki."

Daktari mwenyewe alikuwa mama mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, mtu wa maneno machache, mikono mikubwa. Alinisalimu kwa kunishika mkono wa kushoto, akautazama kidogo kabla ya kuuachia. Kando yake, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mzee wa chama cha madaktari, kofia kichwani na mikono ameikunja kifuani. Yeye alikuja kushuhudia kosa. Hakuficha hilo, na mimi nilimpenda kidogo kwa kutolificha.

Asubuhi ile kabla hatujafika watahiniwa, daktari alikuwa amempima kila mtamba kwa mashine ya picha, ili awe na majibu ya hakika. Mwenzangu alikuwa ametangulia jana yake kupanga vyombo, na alfajiri ndiye aliyebeba mashine hiyo kabla hajanijia. Hilo nililijua, wala sikulifikiria.

Tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walikuwa wanaume waliokulia na ng'ombe, watu wa huko huko. Wa kwanza alishika kibofu kilichojaa mkojo akakiita mimba. Kosa la kawaida, hata mimi nimewahi kulifanya nikiwa mwanafunzi, lakini mzee wa chama alisimama, akasema ahsante, akakaa. Wa pili alikwenda vizuri mpaka katikati, akamwita wa miezi mingi mtamba ambaye mimba yake ilikuwa ya katikati tu. Ahsante, kaa. Wale wanaume walivuta viti vyao ukutani na hawakuondoka. Walitaka kuona mimi nitaangukia wapi, na nilipovaa glavu ile ndefu ya kufika begani niligundua kwamba mpango mzima umebaki begani mwangu. Nikishindwa mimi, umekwisha.

Mitamba waliingia mmoja mmoja kwenye krashi, ile njia nyembamba ya mabomba inayombana mnyama asigeuke. Mwenzangu alisimama mbele, akifunga lango la shingo. Mimi nyuma, mkia nimeusukuma pembeni, mkono ndani. Unaondoa kinyesi kwanza. Unatafuta shingo ya kizazi, ngumu, kwenye sakafu ya nyonga. Kutoka hapo unaifuata mpaka panapogawanyika pembe mbili za kizazi, na pembe hizo ndizo zinazokuambia. Daktari alisimama kando yangu akauliza kila mara neno lile lile, "Jibu?" Nami nikajibu kwa Kiingereza. Ana, miezi minne. Hana. Ana, miezi mitatu. Hana. Daktari hakuonyesha kitu usoni, lakini alikuwa akisema "Anayefuata," na mradi alisema anayefuata nilijua bado niko hai.

Sijui kama nitaeleza vizuri furaha ya saa ile. Niliogopa, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ya kichaa. Mkono ulijibu kabla sijauliza. Nilimwona mwenzangu kule mbele, kati ya pembe na masikio, akianza kutabasamu kwa siri. Mzee wa chama alikuwa amekunjua mikono, ameiweka magotini.

Halafu akaingia wa mwisho. Alikuwa mtamba mdogo, mwekundu, sikio la kushoto limechanika hadi nusu, labda kwa seng'enge. Hakupenda krashi na hakunipenda mimi. Alijikaza, ukuta wa utumbo ukanibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Nikangoja alegee. Nikapata shingo ya kizazi, nikapata pembe. Ya kulia ilikuwa nene kidogo kuliko ya kushoto. Kidogo sana. Katika mimba changa kuna ngozi nyembamba ndani ya pembe, inayoteleza kati ya vidole ukiibana taratibu. Nikaitafuta. Nikaihisi. Kisha sikuwa na hakika kwamba nimeihisi. Nikarudia, naye akajikaza tena, na zamu hii sikuhisi chochote ila mapigo ya mishipa yangu mwenyewe.

Pembe nene inaweza kuwa mimba ya mwezi na kitu. Inaweza pia kuwa mtamba aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume juzi. Nilijua vitabu vinasema nini na havikunisaidia.

"Jibu?" daktari akauliza.

Mvua juu ya mabati. Nikabadilisha pembe, nikarudi ya kwanza.

"Jibu?"

"Subiri," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwaambia wenye ng'ombe wa vilima vyetu. Nilisikia limetoka, nikahisi damu yote inanikimbilia usoni.

Daktari aligeuka mbele. "Amesema nini?"

Mwenzangu alinitazama juu ya mgongo wa mtamba. Sikuwahi kumwona na uso ule. Yeye peke yake chini ya paa lile alijua neno lile na maana yake, na alijua pia kitu kingine. Alikuwa ameliona sikio lile alfajiri, na alikuwa ameona picha.

"Ngoja nimwombe arudie," akamwambia daktari kwa Kiingereza. Kisha akasema nami kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kusomea Maandiko: "Dada yangu, ana mimba. Changa. Sema sasa."

Hakuna aliyesogea. Mzee wa chama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasubiri tafsiri. Wale wanaume wa ukutani walisubiri. Nilikuwa na jibu mdomoni, limetolewa na mtu aliyeweka kazi yake mikononi mwangu kwa kunipa. Kulisema lingekuwa neno moja. Kibali, mpango, beseni kumwachia mtu mwingine. Niliusikiliza mkono. Haukuwa na habari. Niliubana tena mara ya mwisho, nikiwa sasa nataka sana kuhisi ngozi ile, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, kwa sababu niliihisi. Niliihisi kwa kuwa nimeambiwa ipo. Mkono wangu haukuwahi kunidanganya kabla ya dakika ile.

Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika hadi ukutani, "Nimesema subiri. Huyu simjui. Nirudishieni baada ya mwezi."

Daktari alivua miwani. "Unajua jibu hilo linahesabiwaje?"

"Najua."

"Mkono wako bado uko ndani. Bado una nafasi."

"Mkono umemaliza," nikasema, nikautoa.

Mzee wa chama alisimama. Alisema ahsante kwa upole, wala hakunicheka. Nilinawa kwenye ndoo, maji ya baridi, nikanawa mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili nisigeuke. Mpango ulifungwa palepale, mimi nikiwa nimeinama.

Tulirudi kwa pikapu. Tulipofika karibu na stesheni ya Manassas, treni ya wafanyakazi wa mjini ilikuwa imesimama, watu wanashuka na miavuli. Hapo ndipo aliposema.

"Nilikupa jibu."

"Nilisikia."

"Daktari akijua, sina kazi. Waelewa hilo?"

"Naelewa."

"Basi kwa nini?"

"Shamba linalofuata ungekuwepo?" nikamwuliza. "Na lile lingine? Ungekuja kunisimamia mbele ya kila ng'ombe unifunulie?"

"Ilikuwa mmoja tu. Wote uliwapata."

"Mmoja ndiye nisiyemjua."

"Kiburi," akasema. "Hicho ni kiburi, dada, wala si kingine." Aliongeza kasi ya wiper ingawa mvua ilikuwa imepungua. Nilitaka kumwambia kwamba niliihisi ile ngozi, kwamba alinifanya niihisi, lakini nilikuwa na hasira naye kwa kunijaribu na hasira na mimi kwa kumwumiza, na hasira mbili haziongei vizuri ndani ya gari moja. Nilishuka nikamwambia asante kwa lifti.

Mama wa Bukavu alinitazama usoni. Alinipakulia fufu na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akakaa mbele yangu hadi nikamaliza. "Kesho tuko na zamu ya asubuhi," akasema mwishowe, na zamu ile tukaenda.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu. Kanisani mwenzangu aliwaamkia watu wote, mstari mzima, mtoto na mkubwa, akifika kwangu anakumbuka kitu kwenye gari. Niligundua kwamba nilikuwa nimeizoea ile shikamoo yake ya kuudhi. Niliikosa. Usiku nilijilaumu, mchana nikajitetea, na kila nilipomshika mzee mkono kumwinua kitandani niliuliza vidole vyangu kama vilikuwa vikijua ninachofikiri vinajua. Nilianza kuamini kwamba labda alikuwa na haki, labda kilikuwa kiburi tu, na kwa ajili yake nilikuwa nimewafungia mlango watu nisiowajua.

Jumamosi moja simu ya ukutani ililia. Alikuwa daktari. Sauti yake kwenye simu ilikuwa kavu zaidi.

"Yule mtamba wa sikio," akasema. "Hakwenda na meli. Mnyama mwenye majibu mawili, la mashine na la mkono, hapakiwi. Nimemchukua malishoni kwangu. Ulisema mwezi. Mwezi umefika. Njoo umalize jibu lako."

Nilimwuliza kama mpango umefunguliwa. Akasema hapana, na hautafunguliwa. Nikamwuliza kwa nini basi nije. Akasema nije kama nataka, na kwamba msaidizi wake atanipitia.

Alinipitia. Aliniambia habari za asubuhi, nikamwambia nzuri, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu hadi shambani. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya mtihani. Siku ile nilikuwa na kibali cha kupoteza. Sasa sikuwa na cha kupoteza ila mkono wenyewe. Kama ungenyamaza tena, ningejua kwamba vile vilima nilivyobeba kichwani vilikuwa hadithi tu niliyojisimulia nikikunja shuka.

Mtamba alikuwa amenenepa kidogo. Mwenzangu akafunga lango la shingo, bila kunitazama, akakaza macho kwenye ukuta wa zizi. Daktari alisimama mahali pale pale pa siku ile. Hakukuwa na kiti cha kukunja. Nikavaa glavu, nikaingiza mkono, nikangoja ajikaze na alegee. Shingo ya kizazi. Pembe ya kushoto, nyembamba. Pembe ya kulia ilikuwa imejaa maji, ukuta wake mwembamba, na nilipoigonga kwa kidole ikanijibu kwa ndani. Nikaibana taratibu. Ngozi ikateleza. Nikaiachia, nikangoja, nikaibana tena ili niwe na hakika kwamba si matakwa yangu. Ikateleza.

"Jibu?" daktari akauliza.

"Ana mimba," nikasema. Nililisema kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. "Miezi miwili na kitu." Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono safi wa kuyafuta.

Daktari hakuleta mashine. Alimpapasa mtamba kiunoni. "Siku ile," akasema, "sikuelewa mlichosemezana. Lakini nimemjua huyu miaka mingi, na uso wake hauwezi kuficha hata kikohozi. Nilimwona akikupa jibu. Nikakuona ukilirudisha."

Mwenzangu aliachia fimbo ya lango ikagonga chuma. Daktari alimwambia bila kugeuka kwamba afunge vizuri, mnyama asijeruhiwe. Kisha akaniambia mimi, "Sheria ilikuwa sheria. Ningekufelisha tena leo. Lakini sikutaka jibu lako libaki nusu." Akaenda kufungua bomba la maji, akatuacha.

Nilitoa mkono, nikavua glavu. Mwenzangu alifungua lango, mtamba akatoka kwa haraka, sikio lake linapepea, akaenda kujiunga na wenzake kwenye matope. Tulimtazama wote wawili.

"Nilikuambia," mwenzangu akasema taratibu.

"Uliniambia. Siku ile nilijua wewe unajua. Leo najua mimi."

Alivua kofia, akaikung'uta maji ambayo hayakuwapo, akairudisha kichwani. Kisha akainama kidogo, yeye aliyenizidi umri kwa mbali, na hakuwa akifanya mzaha.

"Shikamoo, daktari."

Sikuwa daktari, na kibali sikupata. Nyumbani kulikuwa na zamu ya jioni inayoningoja, na wazee wa kugeuzwa.

"Marahaba," nikamwitikia.